Kupanda upya malisho ya farasi na punda Kanda ya Ziwa: nyasi za kuchagua, za kuepuka, na muda wa kuzuia mifugo

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nimeamua kuliandika jambo hili kwa kirefu kwa sababu kila linapoulizwa, majibu yanayotolewa ni ya ng'ombe. Mtu anaeleza kwamba ana eka chache Magu, Misungwi au Sengerema, kwamba malisho yake yamechakaa, na kwamba anataka kuyapanda upya kwa ajili ya farasi wake au punda wake wa kazi. Muda si mrefu anashauriwa apande brakiaria, Setaria na Panicum, kisha azungushie miti ya malisho ya lukina kwenye mpaka. Kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huo ni ushauri mzuri kabisa. Kwa mwenye farasi, ushauri huo huo unaweza kumlemaza mnyama taratibu, huku mwenyewe akiona nyasi zimestawi na akiamini kila kitu kiko sawa.

Chanzo cha tatizo ni oksaleti. Nyasi nyingi za nchi za joto, hasa Setaria, na pia Panicum, brakiaria, Cenchrus, kikuyu na majani ya tembo, hubeba oksaleti ambayo huikamata kalsiamu iliyomo katika chakula. Ng'ombe aliyezoea nyasi hizo ana bakteria katika tumbo lake kubwa wanaoivunja oksaleti kabla haijaleta madhara. Farasi na punda hawana tumbo la namna hiyo. Kalsiamu hupita na kutoka na kinyesi, na mwili, kwa kuikosa, huanza kuichota kwenye mifupa. Baada ya miezi kadhaa mnyama huanza kuchechemea mguu huu leo na mguu mwingine kesho, hatua zake zinakuwa fupi, meno yanalegea, na mifupa ya uso inavimba pande zote mbili chini ya macho. Majike wanaonyonyesha na wanyama wachanga ndio huumia mapema zaidi. Nyasi yenye oksaleti inayozidi nusu asilimia ya uzito wake mkavu huhesabiwa kuwa ya hatari kwa farasi, hasa pale kalsiamu iliyomo katika nyasi hiyo hiyo isipofika hata nusu ya oksaleti.

Zipo hatari nyingine ambazo ni vyema zitajwe hapa hapa. Lukina ina sumu ya mimosini, na farasi au punda anayeila kwa wingi hunyonyoka manyoya ya shingo na mkia. Marejea, ambayo wengi wetu tunaifahamu kama zao la kurutubisha udongo, ina ndugu zake kadhaa wenye sumu inayoharibu ini, na farasi huathirika nayo kwa urahisi kuliko mbuzi na kondoo. Mtama na jamaa zake, mnyama akilishwa kwa muda mrefu ukiwa mbichi, huharibu neva za kibofu na za miguu ya nyuma. Hata Panicum, mbali na oksaleti, imewahi kuhusishwa na msokoto wa tumbo kwa farasi waliolishwa humo wakati wa mvua kaskazini mwa Brazili. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye farasi ni nyasi gani, na mengine yote yanafuata baada ya hilo.

Kwa mazingira yetu jibu langu ni nyasi za Rhodes, zikiachiwa nafasi ya kuchanganyika na ukoka wa asili. Zote mbili zina oksaleti kidogo, zote hutambaa na kuziba ardhi, na zote huvumilia kulishwa karibu na ardhi, jambo ambalo ni la lazima kwa farasi kwa sababu ana meno ya mbele juu na chini na hukata nyasi karibu kabisa na udongo, tofauti na ng'ombe anayezungusha ulimi na kung'oa. Aina za Rhodes zilizotengenezwa Kitale nchini Kenya, kama Boma, Elmba na Mbarara, zinafaa kwa mvua ya eneo letu. Ukitaka jamii ya mikunde ya kuongeza nitrojeni, stailo hustawi kwenye mchanga wetu bila shida na haina historia mbaya kwa farasi.

Sasa mbegu. Mbegu ya Rhodes ni ndogo, nyepesi na yenye manyoya, kiasi kwamba gunia lake linaonekana kubwa kuliko uzito wake. Kabla ya kulipa pesa, chukua kidogo kiganjani, isugue kwa kidole gumba, kisha puliza makapi taratibu. Kinachobaki kinapaswa kuwa punje nyembamba za kahawia zinazong'aa kidogo, ndogo kuliko punje ya ulezi. Ikiwa kiganja kimebaki kitupu, basi umeuziwa maganda, kwa maana Rhodes ina tabia ya kutoa maganda mengi yasiyo na punje, hasa ikivunwa mapema. Jambo la pili ni umri wake: mbegu iliyovunwa karibuni huwa bado imelala, huhitaji miezi 3 hadi 6 mahali pakavu ndipo iote vizuri, na iliyokaa miaka mingi katika ghala lenye joto na unyevu hupoteza nguvu. Hesabu mbegu 100 zenye punje, zifunge katika kitambaa kibichi, na uangalie baada ya wiki moja na nusu ni ngapi zimeota. Jaribio hilo halina gharama, na linakwambia uongeze mbegu kiasi gani. Mbegu nzuri inatosha kilo 2 hadi 4 kwa eka. Mbegu hafifu itahitaji zaidi.

Maandalizi ya shamba ndipo wengi wanapoharakisha. Mbegu ndogo kiasi hicho ikifukiwa zaidi ya sentimita 2 haitoki, na ikiachwa juu ya mabonge inakauka au inabebwa na sisimizi. Lima mara ya kwanza mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa nane au wa tisa. Mvua za kwanza za vuli zikianza Oktoba, subiri magugu yaote, kisha piga haro (chombo cha kusawazisha na kuvunja mabonge) uyaue yakiwa machanga, na ukiweza rudia mara ya pili. Kila gugu unaloliua kabla ya kupanda ni gugu ambalo hutalazimika kulishughulikia katikati ya miche isiyoonekana vizuri. Changanya samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi ya zizini hubeba mbegu za magugu na itakurudisha ulikotoka.

Panda mvua zikishatulia, kwa kawaida Novemba, ili mizizi ipate muda kabla ya mvua kupungua Januari na Februari. Wapo wanaosubiri masika, na faida yao ni magugu kupungua, lakini nyasi zilizopandwa Machi hukutana na kiangazi cha Juni zikiwa bado changa, na kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, hilo ni jambo zito. Changanya mbegu na mchanga mkavu au samadi iliyochekechwa ili mkono upate kitu cha kushika, gawa mafungu mawili, moja umwage ukienda kwa urefu wa shamba na jingine kwa upana. Buruta tawi la mti lenye majani juu yake, kisha shindilia udongo. Gogo zito linalovutwa na ng'ombe linatosha, au kundi la mbuzi lipitishwe mara moja na kutolewa. Kushindilia ndiko kunakoifanya punje igusane na udongo wenye unyevu, na shamba lililoshindiliwa hutofautiana waziwazi na lile lililoachwa likiwa limevimba.

Baada ya hapo kazi kubwa ni kuzuia mifugo, ya kwako na ya jirani. Uzio uwe umekamilika kabla ya mbegu kumwagwa. Nimeona mashamba mazuri yakiharibiwa katika wiki ya tano kwa sababu nyasi zilionekana za kijani na mwenye shamba akawaonea huruma wanyama wake. Kipimo cha kuaminika ni hiki: shika fungu la nyasi mkononi kama mnyama anavyolishika kwa mdomo, vuta kwa nguvu kuelekea kando. Majani yakikatika na shina likabaki, mizizi imeshika. Fungu likitoka na mizizi yake ikiwa na udongo, funga geti. Fanya hivyo sehemu mbalimbali za shamba, kwa kuwa sehemu ya juu ya mteremko na ile ya chini hazikomai pamoja.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mchangiaji wa Magu

Ndugu mleta uzi, shukrani kwa maelezo haya. Eneo langu lina sehemu mbili: juu ni luseni ya kichanga na chini ni mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi na kujaa maji masika. Nina punda wa kubeba maji na farasi mmoja. Je, nipande kote kwa mara moja?

Mleta uzi

Mkuu, hapana. Anza na luseni. Ni udongo maskini wa virutubisho, lakini haro inapita kirahisi, miche inatoka vizuri, na kwato hazizami. Ongeza samadi kwa wingi, na mvua zikishakolea weka mbolea ya nitrojeni kidogo kidogo, kwa sababu mchanga hauna uwezo wa kuishika na mvua moja kubwa inaweza kuipeleka yote chini.

Mbuga ni habari nyingine. Rhodes iliyokwisha kukomaa huvumilia kusimama kwenye maji kwa siku kadhaa, lakini mche mchanga katika udongo unaonata na kupasuka una maisha magumu, na hata ukifanikiwa, farasi akiingia humo masika atatoboa mashimo yatakayokauka na kuwa kama mawe ifikapo Julai. Kwato zinazokaa kwenye tope muda mrefu nazo huoza. Mimi ningeiacha mbuga iendelee na ukoka na nyasi zake za asili, niichunge kiangazi ikiwa imekauka, au niikate kwa ajili ya hei. Kama katikati una ukanda wa itogolo, ule udongo mgumu usiopitisha maji, huo ndio wa kuuachia miti na kuuzuia usimomonyoke. Fedha ya mbegu usiipeleke huko mwaka wa kwanza.

Mchangiaji wa Kwimba

Wazee wetu walikuwa na ngitili: eneo linafungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikiwa kikali. Mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 kule Shinyanga ulirudisha ngitili nyingi kwa kufunga tu, bila jembe wala mbegu ya dukani. Je, si afadhali kuifunga ardhi kuliko kuilima?

Mleta uzi

Swali hili ni la msingi, na naomba wote walizingatie kabla hawajakodi trekta. Tembea shambani mwishoni mwa mvua, na kila hatua chache angalia palipo ncha ya kiatu chako. Ukikuta mara nyingi unakanyaga shina la nyasi nzuri ya kudumu, usilime. Funga msimu mzima, ng'oa vichaka, nyasi zitoe mbegu na kuidondosha, na utapata malisho yenye mizizi ya zamani ambayo hakuna mbegu ya kununua inayoweza kuyafikia kwa mwaka mmoja. Mahali penye vipara unaweza kuparura kwa reki na kumwagia Rhodes, kisha ukafunika kwa matawi ya miiba.

Kulima kunastahili pale ambapo ardhi imebaki wazi, au imetawaliwa na magugu ambayo farasi hawali, au imejaa nyasi za hatari za aina moja. Nasema za aina moja kwa sababu ngitili yenye mchanganyiko wa nyasi nyingi, hata kama Setaria na Cenchrus zimo, humpa mnyama nafasi ya kuchagua, na hatari yake ni ndogo kuliko ya shamba zima lililopandwa Setaria tupu.

Mchangiaji wa Ilemela, afisa mifugo

Naomba kuongeza suala la kinyesi, ambalo kwa farasi ni sehemu ya utunzaji wa nyasi zenyewe. Farasi hujitengea sehemu za kunya na hukataa kula nyasi zilizo karibu nazo. Matokeo yake shamba jipya hugawanyika: viraka vinavyoliwa mpaka udongo unaonekana, na viraka vya nyasi ndefu zilizokomaa ambazo hakuna anayezigusa. Humo ndimo mabuu ya minyoo yanapoanguliwa na kusambaa wakati wa mvua. Kinyesi kikiokotwa angalau mara mbili kwa wiki, viraka hivyo hupungua na minyoo pia. Kisitandazwe shambani kikiwa kibichi wakati wa mvua. Kirundikwe kioze kwanza. Kuingiza ng'ombe au kondoo baada ya farasi nako husaidia sana, kwa sababu wao hula nyasi zile zilizokataliwa na huyameza mabuu ya minyoo ya farasi bila kuathirika.

Jambo la pili ni muda wa kuchunga. Ugonjwa hatari wa farasi unaoenezwa na visubi ni tishio katika maeneo yenye unyevu kama yetu, na visubi hao huuma zaidi jioni na usiku. Farasi waingizwe bandani kabla jua halijazama, na malisho ya usiku yawe hei. Punda huvumilia ugonjwa huo kuliko farasi.

Mchangiaji wa Sengerema

Mimi eneo langu linashuka mpaka ziwani. Kule chini nyasi ni za kijani mwaka mzima. Kwa nini nisiipande Rhodes hapo ili nisihangaike na kiangazi?

Mleta uzi

Ndugu yangu, kwanza ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kulima na kuweka uzio ndani ya ukanda huo ni kujitafutia mgogoro, na udongo uliolimwa hapo huishia majini pamoja na samadi yako. Pili, ziwa lenyewe husogea: mwaka 2020 maji yalipanda hadi kufunika mashamba na makazi ya watu wengi kandokando. Tatu, ni hayo aliyoyaeleza afisa mifugo, kwani majani mabichi ya ukingoni yanaambatana na visubi na konokono wanaobeba minyoo ya ini, ambayo punda huipata pia.

Anzia juu ya mstari wa mita 60, na ukanda wa chini uuache na mafunjo na nyasi zake. Kwa ajili ya kiangazi, kata hei Rhodes inapoanza kutoa maua, wakati mabua bado ni laini. Ianike mpaka ukiusokota mkononi msokoto uwe mkavu na usiache unyevu wowote, ndipo uifunge na kuihifadhi mahali penye hewa. Farasi hastahimili hei yenye ukungu kama ng'ombe anavyoweza kustahimili. Ukungu humwathiri mapafu na tumbo.

Mchangiaji wa Misungwi

Naomba ufafanuzi wa mwaka wa kwanza baada ya kipimo cha kuvuta kufaulu. Waingie wangapi, wakae muda gani? Na kwa sisi ambao tayari tulishapanda brakiaria, tufanyeje?

Mleta uzi

Nianze na la kwanza. Mara ya kwanza, ambayo kwa shamba la Novemba huwa miezi 3 hadi 4 baada ya kupanda ikiwa mvua haikukatika, ni bora kuingiza ndama au kukata kwa fyekeo, kuliko kuingiza farasi. Lengo ni kuondoa ncha za juu ili nyasi ichipue pembeni na kutambaa. Magugu ya majani mapana nayo hufyekwa wakati huo huo kabla hayajatoa mbegu. Mwenye kutumia dawa ya kuua magugu asubiri nyasi ziwe na majani ya kutosha, asiitumie kama amechanganya stailo, na aondoe kabisa mimea yenye sumu iliyonyauka, kwa kuwa mmea uliokuwa mchungu ukinyauka mnyama huula bila kusita.

Farasi waingie nyasi zikiwa na urefu wa goti, udongo ukiwa umekauka juu, kwa saa chache kwa siku, na watoke nyasi zikiwa bado zimebaki sentimita 10 hadi 15. Chini ya hapo wanakula akiba ambayo nyasi inaitegemea kuchipua. Gawa shamba vipande vinne au vitano kwa kamba au uzio mwepesi, na kila kipande kipumzike wiki 4 hadi 6 wakati wa mvua, na zaidi ya hapo kiangazi. Katika mwaka huo wa kwanza acha nyasi zitoe mbegu mara moja na kuzidondosha, zizibe mapengo. Kuhusu idadi, farasi wa kilo 400 hula takriban kilo 8 za nyasi kavu kwa siku, yaani karibu tani 3 kwa mwaka, na kiasi kikubwa kingine hupotea kwa kukanyagwa na kuchafuliwa. Kwa hiyo mimi sishauri zaidi ya farasi mmoja kwa eka mbili na nusu katika mwaka wa kwanza, na bado uwe na hei pembeni.

Kwa wenye brakiaria, msiling'oe shamba lote kwa mkupuo mkabaki bila malisho. Zingatieni pia kwamba brakiaria, mbali na oksaleti, imewahi kuwaletea farasi vidonda vya ngozi kwenye sehemu nyeupe za mwili wanapokaa juani, hivyo mnyama mwenye paji jeupe au miguu myeupe akaguliwe kila siku. Punguzeni muda wa kuwachunga humo, wapeni hei ya Rhodes au ya lusini (alfalfa) kama sehemu kubwa ya chakula, na mzungumzeni na daktari wa mifugo kuhusu kiasi cha chokaa ya mifugo cha kuongeza, kwa sababu farasi mwenye kuchechemea anahitaji kipimo chake tofauti na mzima. Wakati huo limeni kipande kimoja kwa msimu na kukigeuza kuwa Rhodes, mkianza na kile kilicho karibu na banda. Brakiaria iliyobaki ni chakula kizuri cha ng'ombe, na jirani mwenye ng'ombe wa maziwa atainunua.

Kuhusu mahali pa kupata ushauri, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI, ina kituo Mabuki, hapo hapo wilayani kwako Misungwi. Nenda mapema, mwezi wa sita au wa saba, ueleze wazi kwamba malisho ni ya farasi na punda, na uulize mbegu ilivunwa lini na mahali gani. Ukipata hata kilo moja, ijaribu kwa kitambaa kibichi kabla ya kuagiza iliyobaki.